Alama na Mizani Yake

Binadamu ni kiumbe wa kupima. Hupima nguo kwa mita, maziwa kwa lita na safari kwa saa. Hapa kwetu Sosiot, katika nchi ya chai, kipimo tukijuacho kuliko vyote ni mizani ya kituo cha kununulia majani. Mkulima huamka mapema, huchuma majani mawili na kichipukizi chake, hujaza kikapu, na baadaye hupanga foleni kituoni ili gunia lake lipimwe. Namba inapotokea hatosheki kuitazama peke yake. Huuliza kwanza kama mizani ilianzia sifuri, na kama uzito wa gunia tupu umeondolewa kwa haki. Akiona shaka hasiti kunena, maana ajua kuwa namba haina maana mpaka mizani ijulikane.

Lakini mkulima huyo huyo, mtoto wake akileta karatasi ya matokeo kutoka shuleni au chuoni, hutazama namba tu, na habari za mizani haziulizi kamwe. Akiona namba kubwa hufurahi. Akiona namba ndogo huhuzunika. Wala kosa hili si lake peke yake. Ni letu sote, walimu tukiwa mstari wa mbele.

Katika insha hii nataka kuihakiki karatasi hiyo. Umezoea, msomaji, kuhakiki mashairi, hadithi na tamthilia. Umefundishwa kuuliza ni nani asemaye, asema na nani, na ni jambo gani alilolinyamazia. Karatasi ya matokeo nayo ni maandishi kama maandishi mengine. Ina mwandishi wake, ina lugha yake, na ina mambo iyasemayo na mambo iyafichayo. Tofauti ni hii: ukisoma shairi vibaya, hasara yako ni maksi chache za mtihani, ukiisoma karatasi hii vibaya, hasara yaweza kuwa maisha ya mtu. Nasema hivyo kwa sababu nilikaribia kusababisha hasara hiyo mimi mwenyewe.

Jioni moja, miaka michache iliyopita, jirani yangu alinituma niitwe nyumbani kwake. Bintiye, aliyekuwa akisoma katika chuo kikuu kimoja nchini Uganda, alikuwa amerudi likizoni na karatasi yake ya matokeo. Mzee aliniketisha, akanipa chai, akaweka karatasi mbele yangu kama mtu awekaye kesi mbele ya hakimu.

"Mwalimu," alisema, "wewe ndiwe uliyesoma miongoni mwetu. Nisomee karatasi hii, na uniambie kweli. Nimeuza ng'ombe wawili, na bonasi ya chai ya miaka miwili yote imekwenda huko. Ikiwa mtoto hawezi, heri nijue sasa. Nina wengine wawili wanaongoja karo."

Niliitazama karatasi. Niliona C+ nyingi, B kadhaa, na chini kabisa namba 3.7. Mimi nilisomea ualimu katika chuo cha walimu, si katika chuo kikuu, na mizani niliyoijua ni ile ya mtihani wetu wa kidato cha nne, KCSE. Katika mtihani huo A ni pointi 12, A- ni 11, na kadhalika mpaka E, ambayo ni pointi 1. Pointi 3 ni D, na pointi 4 ni D+. Kwa macho hayo, 3.7 ilikuwa D+ ya kujikokota. Nilinyamaza kidogo, kisha nikatamka maneno ninayoyajutia hata leo: "Mzee, amejaribu, lakini kazi ni hafifu."

Mzee aliinama. Binti, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alisema kwa sauti ya upole, "Samahani, Mwalimu. Naomba ugeuze karatasi."

Niliigeuza. Nyuma yake kulikuwa na jedwali dogo la maandishi membamba. Jedwali lilieleza kuwa pointi ya juu kabisa katika chuo kile si 12 bali ni 5. Lilieleza pia kuwa mwenye wastani wa kuanzia 3.60 hadi 4.39 yumo katika daraja la pili la juu la shahada. Binti yule hakuwa ameshindwa. Juu yake lilibaki daraja moja tu, nalo ni la kwanza.

Mzee alipoelezwa alinitazama kwa muda, kisha akamtazama bintiye. "Kumbe," alisema, "si mtoto aliyeshindwa kusoma. Ni sisi."

Maneno hayo hayajaniacha. Tangu siku hiyo nimejifunza kuisoma karatasi ya matokeo pande zote mbili, na hayo niliyojifunza ndiyo ninayotaka kukupa wewe, ambaye kesho utapewa karatasi kama ile.

Kwanza yakupasa kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni maksi: hesabu ya yale uliyojibu sawasawa, aghalabu kati ya 100. La pili ni gredi: herufi ambayo maksi hizo hutiwa ndani yake, kama A au B. La tatu ni pointi: thamani ambayo herufi hiyo hupewa ili iweze kujumlishwa na nyingine. Maksi hutokana na kalamu yako na ya mtahini. Gredi na pointi hutokana na kanuni iliyotungwa na watu waliokaa mezani, na kanuni hiyo yaweza kutungwa vingine mahali pengine.

Herufi hizi tunazoziogopa hazikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1785 rais wa Chuo cha Yale kule Marekani, Ezra Stiles, aliandika katika shajara yake jinsi alivyowagawa wanafunzi 58 katika mafungu manne kwa majina ya Kilatini: 20 bora, 16 wa pili yao, 12 wa chini, na 10 wabaya. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1897, chuo cha wanawake cha Mount Holyoke, nchini humo humo, kilitumia herufi. A ilianzia maksi 95, na aliyepata chini ya 75 alihesabiwa kuwa ameshindwa. Fikiri, basi: maksi 70, ambazo katika Chuo Kikuu cha Nairobi ni A na mlango wa daraja la kwanza, zingemfukuza mtu darasani kule Mount Holyoke. Maksi ni zile zile. Mizani ndiyo iliyobadilika.

Wala huna haja ya kuvuka bahari ili kuliona jambo hili. Vyuo vikuu vitatu vya zamani vya Afrika Mashariki ni ndugu wa mama mmoja. Makerere ilifungamana na Chuo Kikuu cha London kuanzia mwaka 1949, na wanafunzi wake wakatunukiwa shahada za London pamoja na madaraja yake: la kwanza, la pili la juu, la pili la chini, na la kufaulu. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1970 ndugu hao walitengana, kila mmoja akawa chuo kikuu kamili katika nchi yake. Majina ya madaraja waliendelea kuyatumia wote, lakini kila mmoja alijichongea mizani yake.

Nairobi ilishika maksi zenyewe: 70 na zaidi ni A, 60 hadi 69 ni B, 50 hadi 59 ni C, 40 hadi 49 ni D. Dar es Salaam ilichukua kipimo cha pointi 5: maksi 70 na zaidi ni A yenye pointi 5, 60 hadi 69 ni B+ yenye pointi 4, 50 hadi 59 ni B yenye pointi 3, 40 hadi 49 ni C yenye pointi 2. Makerere nayo hupima kwa pointi 5, lakini huitaka A ianzie maksi 80. Kule 70 ni B, 60 ni C, na 50 ni D, ambayo ndiyo kizingiti cha kufaulu.

Mchukue sasa mwanafunzi mwenye maksi 62. Akiwa Nairobi amepata B. Akiwa Dar es Salaam amepata B+. Akiwa Makerere amepata C. Wazazi watatu, mmoja Kericho, mmoja Moshi, mmoja Mbale, watapokea karatasi tatu; wa kwanza ataridhika, wa pili atashangilia, na wa tatu atanuna. Lakini tahadhari na kosa la pili, lililo kinyume cha la kwanza. Usidhani kuwa maksi 62 za pande zote tatu lazima ziwe elimu ile ile. Yawezekana mtahini wa mahali pamoja ana mkono mzito na wa mahali pengine ana mkono mwepesi. Kwa hiyo haitoshi kugeuza namba ya chuo kimoja kuwa ya kingine kwa kuzidisha na kugawanya. Namba husomwa ndani ya nyumba yake.

Mizani zingine hata hupima kichwa chini. Katika mtihani wa Cambridge ambao babu zetu walifanya mwishoni mwa sekondari, 1 ilikuwa alama ya juu na 9 ilikuwa kushindwa. Mwenye pointi chache ndiye aliyebebwa mabegani. Nchini Tanzania, katika mtihani wa kidato cha nne, A huhesabiwa pointi 1, na mwenye jumla ya pointi 7 ndiye aliyefika kileleni mwa daraja la kwanza. Mwanafunzi wa Kenya akisikia kuwa rafiki yake wa Arusha amepata pointi 7 asiharakishe kumpa pole.

Sasa tufike kwenye ule wastani wa pointi, ambao vyuoni huitwa kwa herufi tatu, GPA. Wengi hudhani kuwa wastani huu ni kujumlisha pointi na kugawanya kwa idadi ya masomo. Sivyo. Kila somo la chuo kikuu lina uzito wake, unaotokana na saa za mafunzo na kazi zilizomo ndani yake. Pointi za somo huzidishwa kwanza kwa uzito huo. Mazao yote hujumlishwa. Kisha jumla hugawanywa kwa jumla ya uzito.

Chukua kalamu tufanye pamoja, kwa kipimo cha Dar es Salaam. Mwanafunzi wa kwanza ana masomo manne. Amepata A katika somo la uzito wa 4: 5 mara 4 ni 20. Amepata B+ katika somo la uzito wa 3: 4 mara 3 ni 12. Amepata B katika somo la uzito wa 3: 3 mara 3 ni 9. Amepata C katika somo la uzito wa 2: 2 mara 2 ni 4. Jumla ni 45, na uzito wote ni 12. Ukigawanya utapata 3.75. Huyu yumo katika daraja la pili la juu, ambalo kule huanzia 3.5.

Mwanafunzi wa pili ana herufi zile zile nne, ila A yake aliipata katika somo la uzito wa 2, na C yake katika somo la uzito wa 4. Mazao yake ni 10, 12, 9 na 8, jumla 39. Gawanya kwa 12 upate 3.25. Huyu ameangukia daraja la pili la chini. Herufi zao ni sawasawa. Ukizisoma kwa sauti hutasikia tofauti yoyote. Lakini mmoja alitia nguvu zake penye uzito, na mwingine alizitia penye wepesi. Hapa mizani haikuonea mtu. Hapa ni mwanafunzi aliyepaswa kuijua kanuni tangu siku ya kwanza, badala ya kuigundua siku ya mwisho.

Lakini kazi ya mhakiki si kueleza tu. Ni kupima pia. Nami naona katika mizani hii upungufu wa kweli. Tazama mfano huu, kwa kipimo kile kile, masomo yote yakiwa na uzito mmoja. Kijana mmoja amepata maksi 69 katika masomo yote manne. Mwenzake amepata 70, 70, 70 na 60. Jumla ya maksi za kwanza ni 276. Za pili ni 270. Kwa maksi, wa kwanza yuko mbele. Lakini 69 ni B+, pointi 4, na kwa hiyo wastani wake ni 4.0, daraja la pili la juu. Mwenzake ana pointi 5, 5, 5 na 4. Wastani wake ni 4.75, naye yumo daraja la kwanza, ambalo huanzia 4.4. Aliyejua kidogo zaidi ametangulia, na aliyejua zaidi amebaki nyuma.

Sababu yake ni nini? Ni kwamba herufi ni kama ngazi, bali elimu ni kama mteremko wa kilima. Kutoka 60 hadi 69 kuna maksi tisa, na mizani huzimeza zote bila kuzihesabu. Kutoka 69 hadi 70 kuna maksi moja, na mizani huipa pointi nzima. Ni nani aliye hodari wa kusahihisha insha hata aweze kuapa kuwa hii ni 69 wala si 70? Mimi nimesahihisha insha kwa miaka mingi, nami siwezi. Insha niliyoipa maksi asubuhi, nikiwa nimepumzika, naogopa kuipima tena jioni, nikiwa nimechoka. Ilhali juu ya maksi hiyo moja hujengwa daraja, juu ya daraja hujengwa kazi, na juu ya kazi hujengwa nyumba.

Upungufu wa pili ni kwamba wenye mizani huweza kuibadilisha, na wapimwao wakadhani ni wao waliobadilika. Nchini Tanzania matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2014 yalitolewa kwa wastani wa pointi badala ya madaraja yaliyozoeleka. Mwaka 2016 serikali ikaagiza madaraja yarejeshwe. Hapa Kenya, kwa miaka mingi gredi ya wastani ya KCSE ilihesabiwa kwa masomo saba ambayo ndani yake sayansi mbili zilikuwa za lazima. Kuanzia watahiniwa wa mwaka 2023 lazima ilibaki kwa hisabati na lugha moja tu, kisha masomo mengine matano ambayo mtahiniwa ameyafanya vizuri kuliko yote. Kijana aliyelemewa na kemia mwaka 2022, na mdogo wake aliyelemewa nayo mwaka 2023, hawakupimwa kwa mizani moja, hata kama walilala chumba kimoja na kusoma kitabu kimoja.

Kumbuka pia mwaka 2016. Mwaka uliotangulia, watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A katika KCSE. Mwaka 2016, baada ya serikali kukaza ulinzi wa mitihani dhidi ya wizi, waliopata A walikuwa 141. Wengine walisema udanganyifu ndio uliokomeshwa. Wengine walinung'unika juu ya usahihishaji. Sitaingia katika ugomvi huo. Nauliza swali moja tu: je, katika muda wa miezi kumi na miwili watoto wa Kenya walipoteza akili? Hapana shaka hawakupoteza. Kilichobadilika ni mtihani na mazingira yake. Lakini kijana wa mwaka ule aliyepata B- hakupewa karatasi yenye maelezo hayo. Alipewa herufi tu, akaambiwa ndiyo yeye.

Upungufu wa tatu wajulikana na kila mtu aliyewahi kuingia kiwanda cha chai. Majani yakisha kusagwa, kuchachushwa na kukaushwa, hupitishwa katika chekeche na kutiwa gredi: BP1, PF1, PD, D1 na nyinginezo. Wageni hudhani kuwa herufi hizi zaeleza utamu wa chai. La! Zaeleza ukubwa wa chembe. BP1 ni chembe kubwa, PF1 ni ndogo kuliko hiyo, na D1 ni laini zaidi. Ndiyo maana katika mnada wa chai, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969, wanunuzi hawategemei herufi pekee. Kuna waonjaji ambao huipika kila chai, huitia kinywani, huitema, na kuandika waliyoyaonja. PF1 ya kiwanda kimoja yaweza kupata bei nzuri, na PF1 ya kiwanda kingine ikakosa mnunuzi. Chekeche limesema kweli, lakini limesema lile liwezalo kusema tu.

Gredi ya mwanafunzi nayo ni kazi ya chekeche. Yaeleza jinsi alivyojibu maswali fulani, siku fulani, kwa saa fulani. Haielezi kama aliamka saa kumi ya usiku kukamua ng'ombe kabla ya kwenda shule. Haielezi kama ni mwaminifu, kama aweza kufanya kazi na wenzake, au kama atajifunza upesi mwakani lile lililomshinda mwaka huu. Mambo hayo yahitaji mwonjaji, yaani mtu wa kukaa na mwanafunzi na kumjua. Mwalimu aliyeacha kuwa mwonjaji akawa chekeche amepoteza nusu ya kazi yake.

Je, nasema basi kuwa alama zitupwe? Hasha. Mwenye kuchukia mizani kwa sababu ina kasoro huishia kupimwa kwa jicho la mwenye duka, na jicho hilo lina upendeleo kuliko chuma. Kabla ya alama, nafasi ilikwenda kwa mtoto wa mkubwa, kwa mtu wa ukoo, kwa mwenye rangi iliyopendwa. Karatasi ya KCSE hufika kwa mtahini ikiwa na namba ya mtahiniwa, naye hajui kama aliyeiandika ni mtoto wa waziri au wa mchuma chai. Kwa namba hiyo isiyo na uso, watoto wengi wa vijumba vya mashamba ya chai wamepita katika milango ambayo wazee wao waliipita kwa nyuma tu, wakibeba kuni. Kipimo chenye kasoro ambacho kanuni zake zimeandikwa ni bora kuliko huruma ya mtu asiyeulizwa. Lakini faida hiyo humfikia yule tu aisomaye kanuni. Asiyeisoma hubaki chini ya huruma kama zamani, ila safari hii ni huruma ya herufi.

Huenda wewe usomaye hapa ukawa wa mtaala mpya, ambao haukuambii A wala B, bali hukuambia umezidi matarajio, umeyafikia, unayakaribia, au uko chini yake. Usidhani kuwa umeiponyoka mizani. Imevaa nguo nyingine. Uliza ni matarajio ya nani, na yaliandikwa wapi.

Kwa hiyo, siku utakapopewa karatasi yako, iwe ya muhula, ya taifa au ya chuo kikuu, usianze kwa kulia wala kwa kuruka. Uliza kwanza mizani hiyo ni ya ngapi, maana 3.7 kati ya 5 na 3.7 kati ya 12 si ndugu. Uliza mipaka iko wapi, ili ujue kama ulikosa kwa maksi moja au kwa ishirini. Uliza ni somo lipi lenye uzito, ili nguvu zako za kesho uzitie panapostahili. Mwisho uliza ni jambo gani ambalo mizani hiyo haikulipima, na ujipime mwenyewe kwa haki, bila kujipendelea. Ukiisha kuuliza hayo, basi lia ikiwa pana la kulilia, maana huenda lipo. Karatasi isomwayo vizuri haimfichi mvivu. Humtaja kwa namna anayoweza kuielewa, na hiyo ndiyo njia pekee ya kumrekebisha.

Binti wa jirani yangu alirudi chuoni, na karo ililipwa. Babaye hajapata kujua kupiga hesabu ya wastani wa pointi, wala hakuona haja. Alichukua funzo moja tu, nalo linamtosha. Siku hizi ukimpelekea karatasi yoyote, hata risiti ya kituo cha chai, huishika kwa mikono miwili, na kabla ya kuuliza neno huigeuza atazame nyuma.